Somo: Chombo cha foili na shehena ya sarafu (Gredi ya 1 hadi 3)

Watoto wa Lamu wanaona majahazi yakipita na shehena ya mawe na boriti, lakini ukiwauliza darasani, wengi watasema kizito huzama. Waacheni wajaribu wenyewe.

Kila kundi la watoto wanne: beseni la maji ya kina cha sm 10, vipande viwili vya foili ya jikoni vya sm 15 kwa 15, sarafu 50 za shilingi moja (moja ni karibu gramu 5.5) na kitambaa.

1. Kunja kipande kimoja mara nyingi, kisha kigonge kwa jiwe kilale kabisa. Kabla ya kukitia majini, kila mtoto atabiri kwa kuinua mkono. Msiiruke hatua hii, kwani mtoto aliyetabiri hutazama kwa makini. Kitazama.

2. Kipande cha pili kiinuliwe kuta, kiwe chombo. Pembe zikunjwe, zisikatwe, maji yasipenye. Kitaelea. Uliza, "Kilichobadilika ni nini?" kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka.

3. Wapakie sarafu moja moja wakihesabu kwa sauti. Chombo kikizama, wakikaushe na wakiunde upya, wakibadilisha kitu kimoja tu. Wakibadilisha viwili, hawatajua kipi kilisaidia.

Hesabu ya mwalimu: kuta za sm 1 hubeba hadi sarafu 30, za sm 2.5 hadi 45, za sm 5 hadi 22 tu, kwa kuwa sakafu imebaki ndogo. Watoto watapata pungufu, hasa wakirundika upande mmoja. Sarafu zitandazwe chini sawasawa, kama farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya jahazi ili litulie.

Maswali

*Mwalimu, kipande changu kilichokunjwa kimeelea!*
Kimenasa hewa. Kigonge tena, ukitie majini kwa ubavu.

*Huku Malindi foili ni ghali. Udongo wa mfinyanzi unafaa?*
Hulowa na kumomonyoka. Tumia plastisini, tonge moja kwa kundi: kwanza tonge, kisha bakuli.

*Tukitumia maji ya bahari?*
Ni mazito zaidi kwa karibu asilimia 2.5, yaani sarafu moja hivi kati ya 40. Watoto hawataiona tofauti. Yoyote mtakayochagua, makundi yote yatumie hayo hayo.

*Gredi ya 1 wakiuliza kwa nini chaelea?*
Wape bakuli tupu la plastiki walikandamize majini kwa kiganja. Watahisi maji yakisukuma juu, na wataona yakipanda besenini. Waambie chombo kipana husukuma maji mengi, nayo maji hukisukuma kwa nguvu zaidi. Uzito mahsusi, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule, waachieni madarasa ya juu.