SOMO: Namna ya kusoma habari za DNA ya kale kabla hujamwambia mgeni kwamba Wamasai wametoka Misri

Wakuu, msimu ukianza tu swali ni lile lile. "Kuna klipu inasema DNA imethibitisha kabila fulani limetoka Israeli, ni kweli?" Nimelijibu garini, nimelijibu getini Ngorongoro tukisubiri vibali, na juzi nimeulizwa msibani nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hapa.

Hatua ya 1: Mfupa umetoka wapi? Habari isiyotaja eneo lililochimbwa, achana nayo. Kwa Tanzania majina ya kukariri ni machache: Luxmanda (nyanda za juu za Mbulu), pango la Gishimangeda (karibu na Ziwa Eyasi), Kisese (Kondoa), Mlambalasi (Iringa) na pango la Kuumbi (Zanzibar).

Hatua ya 2: Una umri gani? Unapimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua mfupani kwa kasi inayojulikana. Ukikuta "kabla ya sasa", hiyo sasa ni mwaka 1950.

Hatua ya 3: DNA ilipona? Joto ni adui. Ndiyo maana Zinjanthropus wa Oldupai, miaka milioni 1.75, hana DNA ya kusomeka, na nyayo za Laetoli ndiyo usiulize kabisa. DNA ya kale hukatika vipande vifupi, na herufi C (DNA huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T) za mwishoni mwa vipande huharibika zikasomeka T. Uharibifu huo una faida: ukiukosa, huenda unasoma DNA ya jasho la aliyechimba. Siku hizi maabara nyingi hupenda mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kwa sababu hutunza DNA vizuri kuliko mifupa mingine.

Hatua ya 4: Wamesoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, au ukoo wa mama tu? DNA ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati) hupita kwa mama peke yake. Ukirudi vizazi 10 nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi; mitokondria inakueleza habari za mmoja.

Hatua ya 5: Asilimia. Hapa ndipo wengi wanazama, kwa hiyo tulia.

Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliomhusu mtu wa Luxmanda aliyeishi takribani miaka 3,100 iliyopita, katika jamii ya wafugaji. Wakasema kama asilimia 38 ya nasaba yake inafanana na ya wakulima wa kale wa Levanti, yaani pande za Israeli, Jordani na Syria za leo. Wiki haikupita, mtandaoni ikawa "Mtanzania wa kale alikuwa nusu Mwisraeli". Hapana.

Kompyuta haijui mtu alitoka wapi. Inajua tu anafanana na nani kati ya wale uliowaweka mezani. Mifupa ya Levanti ilikuwa imeshasomwa. Ya bonde la Nile upande wa Sudan, ya enzi zile zile, haikuwepo. Ni kama kumtazama mtoto kwenye picha ya harusi ukasema kafanana na shangazi yake wa Moshi, kumbe bibi aliyemrithi hakuwepo siku ya picha. Neno la kushika ni "inafanana na". Ukilibadilisha kuwa "imetoka" umeshaharibu kazi.

Halafu tazama njia. Mwaka 2019 wakasoma watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwemo wa Gishimangeda. Hesabu yao inaonyesha mchanganyiko wa nasaba hiyo na ya Waafrika wa huko ulianza kaskazini mashariki mwa Afrika, kati ya miaka 6,000 na 5,000 iliyopita. Wafugaji wakashuka taratibu, wakachanganyika na wawindaji wa huku takribani miaka 4,000 iliyopita, na baada ya kama miaka 3,300 iliyopita kuchanganyika kukapungua sana. Kwa hiyo kati ya mtu wa Luxmanda na huo mchanganyiko wa kwanza kuna miaka isiyopungua 1,900. Levanti hakuijua, hata kwa hadithi za bibi yake.

Tahadhari nyingine mbili hapa hapa.

Moja, usimpachike marehemu kabila. Miaka 3,100 iliyopita hakukuwa na Mwiraqw, Mmasai wala Mchaga kwa maana tunayoijua. Mfupa hausemi alizungumza lugha gani.

Mbili, tafuta kama utafiti umesahihishwa. Mwaka 2015 jenomu ya mtu wa pango la Mota, Ethiopia, aliyeishi miaka 4,500 hivi iliyopita, ilitangazwa kwa kishindo: eti nasaba ya kutoka Eurasia imeenea Afrika nzima hadi magharibi. Kumbe programu mbili za kompyuta hazikuelewana, sehemu kadhaa za jenomu zikaachwa nje ya hesabu. Wenyewe wakasahihisha mwaka 2016. Jenomu ilikuwa safi, na nasaba hiyo ipo kweli Afrika Mashariki; kilichoanguka ni lile dai la Afrika nzima. Lakini klipu za 2015 bado zinazunguka, na kuna watu wanazisimulia Serengeti hadi leo.

Hatua ya 6: Ni watu wangapi? Mlambalasi kuna mtu wa takribani miaka 18,000 iliyopita. Ni hazina, ila mtu mmoja si taifa.

Hatua ya 7: Linganisha na vyombo. Wafugaji wa kwanza wa huku waliacha aina mbili za vyungu na zana, na wataalamu wengi walidhani ni watu wawili tofauti waliokuja kwa njia mbili. DNA ikaonyesha kwa nasaba wanakaribiana mno. Basi ukikuta vyungu tofauti usikimbilie kusema makabila tofauti.

Maswali karibuni.

—

Kijana wa Sakina: Mkuu, kwa kifupi tu, Wachaga wametoka wapi?

Mtoa somo: Hatua ya 5.

Kijana wa Sakina: Ni ndefu, nipe kwa mstari mmoja nina mgeni kesho.

Mtoa somo: Mwambie hujui. Tipu haitapungua.

Mama Biolojia, Moshi: Habari za kazi kaka. Nafundisha kidato cha tano. Hao wafugaji wa kale, je, waliweza kunywa maziwa ukubwani bila tumbo kuwasumbua? Wanafunzi wangu wameniuliza nikakwama.

Mtoa somo: Njema dada, na wape pongezi wanafunzi wako. Kati ya wale 41, mmoja tu alikutwa na badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kusaga sukari ya maziwa, naye ni wa Gishimangeda. Ila vyungu vya wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki vimekutwa na mabaki ya mafuta ya maziwa. Maana yake maziwa yalitumika kabla jeni halijaenea. Inawezekana waliyagandisha, mgando una sukari hiyo kidogo kuliko maziwa mabichi. Na hili litawafurahisha darasani: badiliko hilo la huku si lile la Wazungu. Yalitokea mbali mbali, kazi yakafanya moja.

Mama Biolojia, Moshi: Asante sana. Kwa hiyo kibuyu kilitangulia jeni?

Mtoa somo: Naona hivyo. Nitakuibia hiyo sentensi nikiwa na wageni.

Mkulima Karatu: Shambani kwetu trekta limefukua mifupa. Nataka kuichimba yote niipeleke ikapimwe, nani ananunua?

Mtoa somo: Hakuna anayenunua, na usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964 na inataka kibali. Simamisha trekta, piga picha bila kusogeza kitu, funika kwa turubai, mwone mtendaji wa kijiji. Kama mifupa inaonekana ya juzi juzi, hiyo ni kesi ya polisi. Usiishike kwa mkono mtupu na usiioshe kwa maji. Mfupa uliosuguliwa vizuri sinki la jikoni umeshapoteza nusu ya habari zake.

Ole wa Monduli: Wewe unawadharau wazee. Babu zetu walisema tumetoka kaskazini. Sasa DNA ndiyo inajua zaidi?

Mtoa somo: Soma tena, hakuna nilipowapinga wazee. Lugha ya Kimasai ina ndugu zake hadi Sudan Kusini, na mifupa ya enzi ya chuma inaonyesha nasaba inayofanana na ya watu wa huko ikiingia huku. Kaskazini ni kweli. Misri ndiyo imeongezwa na mwenye klipu, si babu.

Ole wa Monduli: Hapo sawa.

Binti Tanga: Na sisi wa pwani je?

Mtoa somo: Swali zuri. Utafiti wa 2023 ulisoma watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya Waswahili, kati ya mwaka 1250 na 1800. Upande wa mama karibu wote ni Waafrika. Upande wa baba kuna nasaba nyingi ya Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Ile habari ya Washirazi, yaani wahamiaji kutoka Uajemi, kwenye historia ya Kilwa, ambayo wengi waliiita porojo, kumbe ina mzizi. Ila kumbuka hatua ya 6: wengi walizikwa makaburi ya wakubwa. Mvuvi wa kawaida hatujamsikia vya kutosha.

Dereva Mianzini: Vile vipimo vya kutema mate vinasaidia?

Mtoa somo: Vinakulinganisha zaidi na watu walio hai leo, na Waafrika kwenye orodha zao ni wachache. Rudi kwenye ile picha ya harusi.

Kijana wa Sakina: Nimesoma yote sasa. Samahani kwa jana. Hizo data zenyewe mtu anaweza kuziona?

Mtoa somo: Yamekwisha mdogo wangu. Ndiyo, maabara ya David Reich kule Harvard imekusanya jenomu za kale za dunia nzima na inazitoa bure. Anza na jedwali lenye maeneo na umri, linafunguka kama lahajedwali ya kawaida. Chuja Tanzania utamwona mtu wa Luxmanda. Faili za jenomu zenyewe ni nzito, zipakue ukiwa kwenye waifai ya lodji. Kwa bando la wiki utaishia njiani.