Namna ya Kuifanya Bustani Iwe Kazi ya Maisha katika Nyanda za Juu Kusini

Anayetaka kuishi kwa kazi ya bustani huku kwetu, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, asianze kwa kuuliza ajira ziko wapi. Aanze kwa kujiuliza ni bustani ya namna gani ataweza kuirudia mwaka hadi mwaka bila kuichoka, kwa sababu kupanda ni sehemu fupi ya kazi hii, tena ndiyo rahisi. Mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba, kila mwenye uwanja hujiona fundi wa maua, na kwa kweli karibu kila kinachochomekwa ardhini huota. Mvua hizo zikikatika mwezi wa Aprili au Mei, hufuata takribani nusu mwaka usio na mvua ya kutegemewa, ambao mwanzo wake ni baridi na mwisho wake ni jua kali na vumbi. Miezi hiyo ndiyo inayomtenga mtunza bustani na mtu aliyepanda maua, na mara nyingi mteja huamua kama atakuita tena kwa kuangalia hali ya bustani yake mwishoni mwa Oktoba.

Kabla ya mambo ya ufundi, lipo jambo la jina. Wengi bado humwita mfanyakazi wa bustani «shamba boi», hata kama ana miaka hamsini na wajukuu, na wanaoitwa hivyo hulipwa kama wanavyoitwa. Sidhani kwamba kubadili jina peke yake kunabadili mshahara, lakini anayejitambulisha kuwa mtunza bustani, akaja na daftari, akauliza maswali kuhusu maji na udongo kabla ya kutaja bei, huzungumza na mwenye nyumba kwa namna nyingine kabisa.

Kazi yenyewe ina matawi kadhaa, na ni vyema ulijue mapema lile linalolingana na tabia yako. Mwenye subira ya kukaa mahali pamoja na kurudia jambo lile lile kwa mikono mara mia atafaa kwenye kitalu, ambako huoteshwa miche ya maua, ya miti ya kivuli na ya matunda. Katika Njombe na Rungwe miche ya parachichi iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kijiti cha mti wa aina bora, hasa aina ya Hass, imewapa watu wengi kipato. Anayependa watu na mazungumzo atafaa kuhudumia bustani za nyumba, kwa mfano katika mitaa ya Gangilonga na Wilolesi pale Iringa, au Forest pale Mbeya. Anayetaka mshahara wa mwezi na zana za mwajiri aelekee kwenye hoteli, vyuo, hospitali, misheni na mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe. Zipo pia kazi ambazo watu hawazifikirii: pale Iringa mjini yapo makaburi ya wanajeshi yaliyo chini ya tume ya Jumuiya ya Madola iliyoundwa mwaka 1917, na eneo kama hilo linapaswa kutunzwa kila mwaka bila kikomo, jambo ambalo ni nadra kwa mwajiri yeyote. Usanifu wa bustani, yaani kuchora na kupanga, nao ni tawi zuri, ila namshauri kijana asianzie hapo. Mtu ambaye hajawahi kuona mchoro wake mwenyewe ukikauka mwezi wa Septemba bado hajui anachokichora.

Jifunze mahali pako kwa undani kabla ya kujifunza mimea mingi. Nyanda hizi huonekana kama eneo moja kwa anayepita na basi, lakini kwa mtunza bustani ni nchi nyingi tofauti. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huko tatizo la bustani ni maji yasiyotoka, magugu na ukungu wa majani. Iringa mjini hupata takribani theluthi ya kiasi hicho, na huko tatizo ni ndoo ya maji. Mufindi, Njombe na Makete kuna sakitu, yaani umande unaoganda, hasa Juni na Julai. Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda begonia 200 katika nyumba ya mteja mmoja karibu na Mafinga mwishoni mwa Mei, kwa kuwa alikuwa na sherehe, nami niliona aibu kumkatalia. Usiku mmoja mtulivu usio na mawingu ulitosha kuzigeuza zote kuwa nyeusi kama mboga iliyochemshwa. Kilichonishangaza ni kwamba miche michache niliyokuwa nimeiweka juu ya tuta, hatua ishirini tu kutoka hapo, ilibaki salama. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo hutelemka na kutuama kwenye mabonde na mahali palipozungukwa na ukuta. Tangu siku hiyo, kila ninapoitwa kwenye uwanja mpya, huanza kwa kutafuta mahali baridi inapolala.

Udongo nao una lugha yake. Haidranjia, lile ua la vishada vikubwa linalopenda ubaridi wetu, huwa la bluu kwenye udongo wenye tindikali na huelekea waridi pale tindikali inapopungua, kwa hiyo uani kwa jirani unaweza kupata habari za awali za udongo bila kulipa senti. Ukitaka uhakika, peleka sampuli kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, na usimwage chokaa kwa kukisia.

Kuhusu mafunzo, njia ni mbili na zote ni halali. Ya kwanza ni shule: Chuo cha Kilimo Uyole hutoa msingi mzuri wa udongo, mazao na wadudu, Tengeru mkoani Arusha kuna mafunzo mahususi ya kilimo cha bustani, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hutoa shahada katika fani hiyo hiyo. Ya pili ni kushika mkono wa fundi. Kama unachagua ya pili, usiridhike na miezi mitatu ya masika, bali kaa mwaka mzima, ili umwone fundi wako akipogoa wakati wa baridi, akibana maji mwezi wa Septemba na akiandaa kitalu kabla ya mvua. Kama baada ya mwaka huo bado unaamka ukitaka kujua miche imelalaje, kazi hii itakufaa. Kama kilichokuvuta ni picha za maua tu, ni heri ukayagundua hayo mapema, kwani mgongo unaouma na kucha zenye udongo havitakuondokea.

Ufundi wa kwanza wa kuumudu ni kuzalisha mimea yako mwenyewe, kwa kuwa anayenunua kila mche hana faida. Mchanganyiko wa viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, unaofaa mahali pengi ni debe tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Bogenvilia na duranta huota kwa vipandikizi vya urefu wa sentimita 15 hadi 20, vilivyokomaa kiasi, vikikatwa chini kidogo ya kifundo na kuondolewa majani ya chini. Viweke kivulini na usivivute kila siku kutazama kama vimetoa mizizi, kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya. Kwa baridi yetu mizizi huchelewa kuliko wanavyoeleza watu wa Pwani au Morogoro.

Ufundi wa pili, nao ndio utakaokulisha, ni kuivusha bustani kiangazi. Anza mvua zikiwa bado hazijakatika: tandaza matandazo ya majani makavu au nyasi, unene wa kati ya sentimita 5 na 10, bila kuyagusisha kwenye shina. Mwagilia asubuhi, kwa wingi na kwa siku chache, badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji kidogo hulowesha juu tu, na mizizi hubaki juu ikiyasubiri. Kabla ya kufungua mpira wa maji, chimba kwa kisu hadi kina cha kidole kizima. Udongo ukiwa na unyevu pale chini, nenda kafanye kazi nyingine. Nyasi ziache ndefu zaidi kuliko wakati wa masika, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Mwenye nyumba atakuambia zinaonekana chafu, nawe umweleze kwa upole kwamba zikinyolewa Agosti zitakuwa vumbi Oktoba. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huvumilia hali yetu vizuri, ingawa huvamia vitanda vya maua na zinahitaji kukatwa ukingoni mara kwa mara.

Kuhusu mimea ya porini niseme moja. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na inayojulikana kama Bustani ya Mungu, ina aina 350 au zaidi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini. Nenda kuanzia Desemba, maua yanapoanza, ujifunze jinsi mimea inavyojificha ardhini kwa viazi na mizizi yake wakati wa ukame na baridi, kisha huchomoza mvua zikirudi. Usirudi na hata kiazi kimoja. Okidi hizo tayari zimechimbwa kwa wingi ili kuuzwa kama chakula, na mteja anayekuomba umletee moja anakuomba uvunje sheria.

Zana za kuanzia si nyingi: jembe, koleo, reki, fyekeo, panga, mkasi mzuri wa kupogolea, toroli na ndoo ya kumwagilia. Mashine ya kukatia nyasi inaweza kusubiri, lakini mkasi usiwe wa bei ya chini kabisa, kwa sababu unaotafuna tawi badala ya kulikata huacha kidonda kinachooza. Viuatilifu tumia pale tu njia nyingine zimeshindwa, na usinunue vilivyopimwa kwenye chupa ya soda. Soma kibandiko, mstari mwekundu unamaanisha sumu kali. Vilevile jihadhari na mimea yenyewe: utomvu wa mnyaa huumiza macho vibaya, nayo oleanda ni sumu kwa mtoto na kwa mbuzi, kwa hiyo uliza kwanza ni nani wanaocheza katika uwanja huo.

Anayeanzisha kitalu kando ya mto, kama wengi wanavyotamani pale Ipogolo kwenye Ruaha Mdogo, akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni, na kwamba kuvuta maji kwa mashine kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, ambayo kwa Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa.

Bei ndiyo inayowashinda wengi. Usikubali kukisia mbele ya geti. Tuseme unataka kubaki na shilingi 400,000 kwa mwezi, na nguvu zako pamoja na umbali vinakuruhusu kutembelea bustani mara 40 katika mwezi huo. Basi kila ziara lazima ikuachie shilingi 10,000 baada ya kutoa nauli, samadi na uchakavu wa zana. Ikiwa mteja anatoa 7,000, unajua mara moja kwamba unamsaidia, hufanyi naye biashara. Dai mkataba wa mwaka mzima wenye malipo sawa kila mwezi, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili. Mteja anayelipa kwa ziara hukuita Januari na kukusahau Julai, kisha Oktoba hukulaumu kwa bustani iliyokufa ukiwa hupo.

Kwa anayeajiriwa, omba mkataba wa maandishi unaotaja saa, ambazo kisheria hazizidi 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na uhakikishe michango yako inafika NSSF. Uliza pia nani ataamua nini kipandwe wapi. Swali hilo huonekana dogo siku ya usaili, lakini mtunza bustani ambaye haruhusiwi kuamua lolote huchoka ndani ya miaka miwili hata kama mshahara ni mzuri.

Tenga daftari moja kwa kila bustani. Andika tarehe ya mvua ya kwanza, siku sakitu ilipoanguka, ua lipi lilichanua lini, mti gani ulipogolewa na mdudu gani alitokea. Baada ya misimu mitatu daftari hilo litakuwa na habari ambazo hata mwenye nyumba hanazo. Ukipata mwanafunzi wa kufanya naye kazi, mpe kalamu ya kuandikia humo kabla hujampa mkasi, na mwanzishe mwezi wa Juni, wakati wa baridi.