Kwenda bustani ya Amani, Muheza: mambo ya kujua kabla hujapanda basi

Wadau mnaouliza Tanga kuna nini zaidi ya Raskazone na mapango ya Amboni, pandeni Amani, ila msiende kichwakichwa maana wengi wanafika mchana, wanapiga selfi wanageuza, alafu wanasema hamna kitu.

Tanga mjini mpaka Muheza ni lami, haisumbui. Kuanzia Muheza ndo vumbi, kona na milima, na basi za kupanda zinatoka mchana zinarudi alfajiri, kwahiyo panga kulala, resthauzi zipo Sigi na Amani kwenyewe. Mwenye gari yake asipande na kigari cha chini kipindi cha masika, ule udongo ukilowa ni mlenda mtupu.

Geti liko Sigi, pale penye nyumba ya stesheni masta wa reli ya Mjerumani. Malipo ni ya serikali, yani kontrol namba, so weka salio kwenye simu mapema. Bustani yenyewe iko juu zaidi, kama mita 900 toka usawa wa bahari, beba sweta na koti la mvua hata kama Tanga umeacha jua kali.

Sasa gaidi, yani yule mwongoza wageni, usimbanie hela. Mjerumani alianzisha ile bustani 1902 ajaribu miti ya kila pembe ya dunia aone upi utalipa, ukipita mwenyewe utaona miti tu. Gaidi atachuma jani moja alifikiche akupe unuse, na hapo hapo utajikuta umekumbuka msibani, kumbe ndo mti wa karafuu maiti. Muulize pia habari za msizi, mti wa huko Bukoba uliopandwa Usambara ukasambaa mpaka ukawa kero kwa miti ya asili.

Alafu mwambie akuoneshe lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, majani yake yana vinyweleo. Usichume. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Mjerumani, ndo alilipeleka kwao, likafika kwa Hermann Wendland, bosi wa bustani za kifalme za Herrenhausen kule Hannover, na 1893 akalipa jina la Saintpaulia. Leo liko kwenye vyungu dirishani Ulaya nzima, Herrenhausen nako mfalme hayupo tena watu wanakata tiketi wanaingia, sisi wenye ua lenyewe hata kulijua hatulijui, inaudhi kidogo.

Usiku toka na tochi, bado na gaidi, mtafute vinyonga wa pembe tatu, wakilala matawini wanaonekana kirahisi kuliko mchana. Ila usichelewe kulala, ulizia saa ya basi jioni ile ile, likikuacha ni bodaboda mpaka Muheza na bei atapanga yeye.