Jinsi ya kusoma majibu ya kipimo cha kolestro kabla hujaogopa na kabla hujajitibu

Habari zenu wanajamvi. Nafanya kazi maabara hapa Dar, na karibu kila wiki kuna mtu ananifuata na karatasi yake ya majibu mkononi: "Hii herufi H hapa pembeni maana yake nini? Ndiyo basi tena?" Wengine hawaulizi. Wanaipiga picha, wanaituma kwenye kundi la familia, na kabla hawajafika kituo cha daladala wameshaambiwa waache mayai, wanywe maji ya limao na kitunguu saumu, na wapitie Kariakoo kununua dawa ya kusafisha mishipa.

Nimeandika somo hili ili uweze kukaa na karatasi yako ukaielewa, kisha uende kwa daktari ukiwa na maswali ya maana. Nitasisitiza jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: namba ya kolestro haisomwi peke yake. Herufi H inasema tu kwamba umevuka mpaka uliochapishwa kwenye ile karatasi. Mashine haijui una umri gani, presha yako ikoje, wala kama unavuta sigara.

Hatua ya 1: Angalia yuniti

Maabara nyingi mjini zinatoa majibu kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Kupata mg/dL, zidisha kolestro kwa 38.7. Trigliseridi zidisha kwa 88.6. Kwa hiyo 5.2 ya karatasi moja ni sawa na 200 ya karatasi nyingine. Nimeona mtu akishangilia kwamba ameshuka kutoka 210 mwaka jana hadi 5.4 mwaka huu. Hajashuka, ni namba ileile.

Hatua ya 2: Tafuta mistari minne

Ukiwa na namba moja tu, kwa mfano umetobolewa kidole kwenye banda la upimaji wakati wa Sabasaba, hiyo ni kolestro ya jumla. Inatosha kukufanya uende kupima kikamilifu, haitoshi kuamua chochote. Kipimo kamili kina mistari minne, na mipaka ninayotaja hapa ni kwa mmol/L.

Kolestro ya jumla: mpaka unaotumika sana ni chini ya 5.2.

LDL: hii ndiyo ya kuitazama kwa makini zaidi. Chembe zake hubeba kolestro kutoka kwenye ini kwenda mwilini, na zikiwa nyingi kwa miaka mingi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando mgumu. Siku utando huo ukipasuka, damu huganda hapo hapo, na ndipo linapotokea shambulio la moyo au kiharusi. Chini ya 2.6 ni nzuri kwa watu wengi, kuanzia 4.1 ni juu, na kuanzia 4.9 ni juu sana hata kama huna tatizo lingine lolote. Aliyewahi kupata shambulio la moyo hutakiwa awe chini zaidi ya hiyo 2.6, kwa hiyo mpaka wa kwenye karatasi sio wake.

HDL: hurudisha kolestro kwenye ini. Chini ya 1.0 kwa mwanaume na chini ya 1.3 kwa mwanamke ni ndogo. Lakini usiichukulie HDL kubwa kama kinga. Dawa zilizotengenezwa mahususi kuipandisha zimejaribiwa na hazikuleta nafuu iliyotarajiwa.

Trigliseridi: haya ni mafuta ya akiba ya nguvu. Sukari, soda, wanga mwingi na pombe ndivyo huyapandisha. Chini ya 1.7 ni kawaida. Yakipita 5.6 daktari anahofia na kongosho, usikae nayo nyumbani.

Kolestro yenyewe si sumu. Mwili unaitumia kujenga seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa inatengenezwa na ini lako mwenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kula vizuri kabisa na bado akapata namba kubwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe

Mara nyingi LDL haikupimwa moja kwa moja, imekokotolewa. Kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972 bado inatumika sana: kolestro ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi uliyoigawa kwa 2.2 (kwa mmol/L). Trigliseridi zikipita 4.5 kanuni hii haiaminiki, uliza kama wanaweza kupima LDL moja kwa moja.

Hesabu nyingine ni rahisi zaidi na mimi naipenda: jumla toa HDL. Unachopata ni kolestro yote iliyoko kwenye chembe zinazoweza kudhuru mishipa, na haisumbuliwi sana na ulichokula asubuhi.

Tuchukue mifano miwili ya kujifunzia. Dada wa miaka 29, jumla 5.6, HDL 2.0, trigliseridi 0.7. Karatasi imempa H kwenye jumla, na usiku hajalala. Piga hesabu: LDL yake ni kama 3.3. Jumla imesukumwa juu na HDL. Ana cha kurekebisha kidogo kwenye sahani, hana cha kumnyima usingizi.

Sasa kaka wa miaka 54 mwenye kisukari, anavuta sigara. Jumla 4.9, hakuna H pale juu, amefurahi. Lakini HDL yake ni 0.8 na trigliseridi 2.6. LDL inatoka kama 2.9, na jumla toa HDL ni 4.1. Huyu ndiye ningemshika mkono nimpeleke kliniki leo. Karatasi yake inaonekana tulivu, na hatari yake ni kubwa kuliko ya yule dada kwa mbali.

Hatua ya 4: Weka namba pembeni ya maisha yako

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Zimepangwa kwa kanda, na Afrika Mashariki ina ya kwake. Zinauliza jinsia, umri kuanzia 40 hadi 74, sigara, namba ya juu ya presha, kisukari na kolestro ya jumla. Rangi zinaanza na kijani, chini ya asilimia 5, hadi nyekundu iliyoiva, asilimia 30 na zaidi. Ipo pia chati ya sehemu zisizo na maabara, inayotumia uzito na urefu badala ya kolestro. Mwombe daktari akuonyeshe kisanduku chako.

Kwa hiyo usiende kliniki na karatasi ya kolestro tupu. Nenda na presha iliyopimwa karibuni, sukari, na historia ya nyumbani: nani kwenu alipata shambulio la moyo au kiharusi mapema, mwanaume kabla ya miaka 55, mwanamke kabla ya 65.

Hatua ya 5: Amua unachobadilisha

Watu wanahangaika na kiini cha yai huku tatizo lipo kwenye dumu la mafuta. Kinachopandisha LDL zaidi kwenye chakula ni mafuta ya aina inayoganda: ya nyama na ngozi ya kuku, siagi, samli, mafuta ya kuganda ya kopo. Mawese, karibu nusu yake ni ya aina hiyo. Alizeti ni kama asilimia 10 tu. Geuza dumu usome lebo, maana picha ya mbele haisemi kila kitu.

Ongeza maharage, kunde, choroko, mchicha, matembele, na samaki badala ya nyama kwa siku kadhaa za wiki. Ukinunua dagaa wa kukaanga, jua wamekaangwa na nini. Supu ya makongoro kila asubuhi kabla ya kazi, hapana. Chipsi mayai mara moja moja si mwisho wa dunia, lakini kwa wengi wetu imekuwa chakula cha usiku cha kila siku, tena kwenye mafuta yaliyorudiwa hadi yakawa meusi.

Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki husaidia zaidi trigliseridi, presha na sukari. LDL hushuka kidogo tu. Sigara acha, hapo sina maneno mengi.

Hatua ya 6: Rudia kipimo

Baada ya kubadilisha chakula au kuanza dawa, rudia kati ya wiki 4 na 12. Maabara ileile ikiwezekana. Usipime ukiwa umetoka kuumwa malaria kali au kulazwa, kwa sababu ugonjwa hushusha kolestro kwa muda na utapata majibu mazuri ya uongo. Kwa mjamzito kolestro hupanda kawaida, asubiri ajifungue.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANAJAMVI

Mzee wa Tandika: Mkuu, mimi nilipima nikiwa nimekula chapati mbili na supu. Majibu ni batili?

Shikamoo mzee. Si batili. Jumla, HDL na LDL hubadilika kidogo tu kwa mlo mmoja. Trigliseridi ndizo hupanda. Kama zimetoka chini ya 4.5, daktari anaweza kuendelea na majibu hayo. Zikiwa juu ya hapo, rudia ukiwa umefunga kwa muda wa saa 9 hadi 12, maji ya kunywa ruksa.

Mama Kulwa, Tabata: Mama yangu ana miaka 61 na kisukari. Alipewa atorvastatin, akanywa kama mwezi, akaacha. Jirani kamwambia zinaua ini na ukishaanza huachi tena. Nimemsihi hasikii. Nifanyeje?

Pole Mama Kulwa, hili naliona sana. Kwanza usimgombeze, muulize kwanza aliacha kwa hofu au kuna kitu alihisi. Statini, yaani kundi la dawa za kushusha kolestro kama hiyo atorvastatin, zinaweza kuleta maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu, na kama alikuwa anaumwa mapaja hakusema, basi ana sababu na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Misuli ikiuma sana na mkojo ukawa wa rangi ya kahawia, hapo anaacha na anakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu ini, vimeng'enya hupanda kidogo kwa wachache, na ndiyo maana hupimwa. Ini kuharibika kabisa kwa sababu ya statini ni nadra sana.

Kuhusu "huachi tena": dawa haimfungi mtu. Ukiiacha, LDL inarudi ilikokuwa, kama presha inavyorudi ukiacha dawa za presha. Na faida yake si ya kubahatisha. Utafiti wa 4S uliochapishwa mwaka 1994 ulifuatilia wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia kwa miaka zaidi ya mitano, na waliotumia simvastatin, nayo ni statini, walikufa pungufu kwa asilimia 30. Mama yako hana ugonjwa wa moyo kama wale, lakini ana kisukari na umri wake umevuka 40, na kundi hilo ndilo miongozo mingi inashauri lipewe statini hata LDL ikiwa si kubwa.

Mpwani Halisi: Wali wa nazi, samaki wa nazi, maharage ya nazi. Unataka tufe na njaa?

Hapana ndugu yangu. Lakini mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni ya aina ile inayopandisha LDL, na kusema kuwa ni ya asili hakubadilishi hilo. Kama LDL yako ni nzuri, nazi za Ijumaa na sikukuu zisikutishe. Kama iko 4 na kuendelea, chagua chungu kimoja kwa siku: wali uwe wa nazi na maharage yaungwe bila nazi, au kinyume chake. Tumia tui jepesi, zito weka kidogo mwishoni kwa ladha.

Kijana wa Kijitonyama: Nina miaka 27, kilo 58, nipo klabu ya jogingi, kila Jumamosi tunakimbia hadi Daraja la Tanzanite. LDL 5.6! Nimerudia, 5.5. Baba alifariki ghafla akiwa na miaka 44. Nipunguze nini?

Pole sana kwa baba. Wewe huna cha kupunguza kitakachotosha. LDL ya kiasi hicho kwa mtu mwembamba, na kifo cha ghafla cha mzazi, inaashiria kolestro ya kurithi, ambayo duniani huwapata kama mtu 1 katika kila 300. Ini lako linashindwa kuondoa LDL kwenye damu tangu ulipozaliwa. Shika kano nene iliyo juu ya kisigino uone kama una uvimbe mgumu, mwambie daktari. Apime pia tezi ya shingo na figo, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kupandisha LDL. Omba rufaa ya kuonwa na daktari wa moyo, kama kule Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Utahitaji dawa, na ukianza mapema mishipa yako inaepuka mengi. Ndugu zako wa tumbo moja wapime wote, hata wanaojisikia wazima. Endelea kukimbia, ila kifua kikibana ukiwa barabarani simama na uende hospitali.

Asiyetaka jina: Natumia ARV. Daktari wa duka la dawa kanipa simvastatin. Ni sawa?

Usianze kunywa kabla hujazungumza na kliniki yako ya CTC. Kama upo kwenye vidonge vyenye dolutegravir, statini nyingi zinaelewana navyo. Kama dawa zako zina ritonavir, simvastatin ni marufuku, inaweza kuyeyusha misuli. Usiogope statini zote lakini. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, wenye washiriki kutoka Uganda, Botswana na Afrika Kusini miongoni mwa nchi nyingine, ulionyesha kwamba statini iitwayo pitavastatin ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu wanaoishi na VVU.

Mama Kulwa, Tabata: Nimempigia mama. Kumbe miguu ilikuwa inamuuma ndiyo maana. Vidonge bado anavyo, nimwambie anywe viwili viwili kufidia?

Asifidie kabisa. Asianze tena hadi aonane na daktari aliyemwandikia, na asimfiche habari ya miguu: ilianza lini, inauma sehemu gani, miguu yote miwili au mmoja. Mpeleke wiki hii na pakiti zote za dawa anazotumia, hata za mitishamba.