Kuandaa somo la Pentekoste: anzia shambani, si orofani

Masomo mengi ya Pentekoste hufungua Matendo 2 moja kwa moja. Matokeo yake, wanakikundi huondoka wakidhani sikukuu ilizaliwa siku ile Roho aliposhuka. Ukweli ni kwamba mji ulikuwa tayari umejaa wageni waliokuja kwa sikukuu ya zamani, na bila kuijua hiyo nusu ya habari haieleweki. Mpango huu ni wa dakika 90, kwa kikundi cha watu 10 hadi 20. Andaa kalenda, penseli, mkate mmoja uliotiwa hamira, chapati moja, na Biblia za kutosha.

Anza na kalenda. Soma Walawi 23:15-16, kisha mpe mtu penseli ahesabu. Siku ya Pasaka yenyewe ndiyo ya kwanza. Kwa mwaka 2026, Pasaka ni 5 Aprili; ukihesabu vizuri siku ya 40 inaangukia Alhamisi 14 Mei, ambayo ni Kupaa, na ya 50 ni Jumapili 24 Mei. Karibu kila kikundi kina mtu atakayeanza kuhesabu Jumatatu na kuishia Jumatatu 25 Mei. Mwache akosee, halafu mrudishe kwenye andiko: majuma saba kamili, na siku inayofuata. Kama kuna Waorthodoksi, Pasaka yao mwaka huo ni 12 Aprili, hivyo Pentekoste yao ni 31 Mei. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake “ya hamsini”. Agano la Kale huiita sikukuu ya majuma (Kutoka 34:22, Kumbukumbu la Torati 16:10).

Sasa weka chapati na mkate mezani. Wakati wa Pasaka Waisraeli walikula kisichotiwa chachu, na siku chache baadaye kuhani alitikisa mganda wa kwanza wa mavuno, ambao kwa majira yale ni wa shayiri. Siku ya hamsini ngano ilikuwa imeiva, na Walawi 23:17 inadai mikate miwili iliyookwa kwa chachu. Hapa ndipo watu hushtuka, maana wamezoea kusikia chachu ikitajwa kwa ubaya. Unga wake ni sehemu mbili za kumi za efa. Ukichukua efa kuwa lita 22 hivi, hiyo ni kama lita 4 na nusu: pakiti ya kilo 2 na kidogo juu yake. Wengine husema mikate miwili ni Wayahudi na Mataifa. Ni tafsiri nzuri, lakini sema wazi kuwa ni tafsiri. Andiko halisemi hivyo. Lililo wazi ni 1 Wakorintho 15:20, ambapo Paulo anamwita Kristo limbuko. Mganda kwanza, mikate baadaye: limbuko limefufuka, kisha mavuno yanaingia.

Sinai, mlima ambako Torati ilitolewa, ipite haraka. Kutoka 19:1 inataja mwezi wa tatu tu. Kuifanya sikukuu hii kuwa ukumbusho wa kupewa Torati ni mapokeo ya Kiyahudi, wala Biblia haisemi “siku ya hamsini” mahali hapo. Linganisha tu Kutoka 32:28, watu kama 3,000 wanakufa kwa kosa la kuabudu ndama wa dhahabu, na Matendo 2:41, watu kama 3,000 wanabatizwa.

Ndipo ufike Matendo 2. Soma polepole mstari wa 1 hadi 15, na uwazuie wanaotaka kuongeza. Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi upepo ulivuma. Anasema uvumi *kama* wa upepo. Hasemi moto uliwaka. Ni ndimi *kama* za moto. Hasemi pia kwamba walikuwa orofani siku hiyo: orofa iko Matendo 1:13, hapa ni “nyumba”. Kiebrania na Kigiriki kila kimoja kina neno moja linalobeba roho, pumzi na upepo. Kiswahili nacho kina upepo na pepo, ila pepo wetu siye huyu, kwa hiyo usiujaribu mchezo huo wa maneno mbele ya watu.

Petro anaposema ni “saa tatu ya mchana”, akiwajibu waliodai kwamba wanafunzi wamelewa, msomaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo: tunahesabu saa kama wao. Asubuhi hiyo, nani angekuwa amelewa?

Kwa mstari wa 9 hadi 11, mwombe mtu ahesabu majina. Ni 15, kuanzia Waparthi hadi Waarabu, na Misri na Libia zimo. Walikuwako kwa sababu Kumbukumbu la Torati 16:16 iliwataka wanaume wahudhurie sikukuu tatu kwa mwaka, na hii ni mojawapo. Kisha watu wanne waseme “matendo makuu ya Mungu” kila mmoja kwa lugha ya kwao: Kihaya, Kisukuma, Kikamba, yoyote iliyopo. Kicheko kitatokea, kiache. Ndipo uulize juu ya Babeli, ambako lugha moja iligawanyika kuwa nyingi (Mwanzo 11). Lugha hazikurudi kuwa moja. Zilibaki nyingi, na kila mtu akasikia ya kwao. Mjadala wa kunena kwa lugha katika 1 Wakorintho 14 ukizuka, uahirishe. Una kikao chake na utakula muda wote uliobaki.

Malizia kwa Walawi 23:22, mstari ambao wengi huuruka: pembe za shamba zisivunwe, ziachiwe maskini na mgeni. Umewekwa palepale katikati ya sheria za sikukuu. Kikundi kiamue kitaacha nini, kwa nani, na nani atapeleka, kabla hamjafunga kwa sala.

Muda ukibana, kata Sinai. Kalenda na mikate visiguswe.