Jinsi ya kuvusha chakula kikiwa baridi: friji ya gari-nyumba kwenye feri ya Ancona hadi Patras

Mara ya kwanza tulipovuka na gari-nyumba letu kutoka Ancona, Italia, kwenda Patras, Ugiriki, nilitupa kilo mbili za nyama, kuku mzima na bakuli la maharage ya nazi kwenye pipa la taka la bandarini. Ilikuwa Agosti. Nilipofungua friji nilikuta maji mekundu yametuama chini ya droo ya mboga, pamoja na harufu ambayo mtu aliyekulia sokoni haulizi ni ya nini. Friji haikuwa mbovu. Ilikuwa imekaa saa 27 bila gesi wala umeme, na mimi nilikuwa nimeipakia kama vile itafanya kazi usiku kucha.

Tumeshavuka mara kadhaa tangu siku ile, na hatujatupa tena hata kipande. Naandika hapa ninavyofanya, kwa Waswahili wenzangu wa Ulaya ambao nao wameanza kusafiri kwa magari haya.

Kwanza ujue friji inazimika kwa nini. Magari-nyumba mengi huku yana friji ya njia tatu: gesi, umeme wa volti 230 wa kuchomeka, na umeme wa volti 12 wa gari. Haina mota ndani. Joto la mwali wa gesi, au la waya wa umeme, ndilo linaloizungusha amonia kwenye mabomba, na amonia ndiyo inayolitoa nje joto la chakula chako. Ukipanda meli, njia hizo zote hukatika. Gesi ni marufuku kabisa melini. Umeme wa volti 12 hufika kwenye friji injini ikiwa inaunguruma tu. Na hata ukiiunga kwenye betri ya nyuma, ile ya taa na vyombo vya ndani, friji hii hula ampea 11 hivi, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 itakuwa imeshuka nusu kabla ya saa tano kwisha. Umeme wa kuchomeka haupo kwenye kila sitaha. Na meli ikishaondoka, sitaha ya magari hufungwa, hushuki kuangalia chochote.

Kinachobaki ni sanduku lenye kuta nene, yaani deli. Mama yangu aliuza samaki soko la Deep Sea, Tanga. Changu na nguru wake walipanda basi la Arusha ndani ya deli na wakafika wagumu, macho yakiwa bado maangavu. Hakuwa na waya wala swichi. Baridi yote aliifungasha mwenyewe kabla basi halijaondoka, na feri inataka hivyohivyo.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako mwenyewe

Ancona hadi Patras ni saa ishirini na ushei, wakati mwingine hukaribia siku nzima, maana meli nyingi hupitia Igoumenitsa kwanza, bandari nyingine ya Ugiriki. Ukiondokea Venezia ni ndefu zaidi, huvuka saa 30. Lakini usihesabu saa za meli peke yake. Anza pale unapozima injini kwenye foleni ya bandarini, ambapo mnaweza kukaa saa mbili tatu juani, na umalizie pale unapoiwasha tena upande wa pili. Mimi huongeza saa nne juu ya saa za tiketi. Safari ya saa 22 naipangia saa 26.

Hatua ya 2: Uliza umeme kabla ya kulipa

Kwenye njia hii ya Italia na Ugiriki, baadhi ya meli huruhusu watu kulala ndani ya magari yao kwenye sitaha ya wazi miezi ya joto, na hapo kuna soketi za volti 230. Kwenye tiketi mpango huo huitwa Camping on Board. Nafasi zake ni chache na huisha mapema. Ukiipata, beba waya wako mwenyewe, chomeka, geuza swichi ya friji iende kwenye umeme, na kazi yako imekwisha kwa sehemu kubwa. Gesi bado ni marufuku hata huko. Hata hivyo barafu naibeba kila mara, kwa sababu wakati wa kupakia magari unaweza kupangiwa mahali ambapo soketi imejaa au iko mbali na waya wako.

Hatua ya 3: Punguza vinavyohitaji baridi

Hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza. Nilibeba friji ya nyumbani nzima nikaihamishia garini. Siku hizi nakaa mezani na karatasi na kuuliza kila kitu: wewe utaharibika ndani ya saa 26, au la?

Tui la kopo, maziwa ya boksi ambayo hayajafunguliwa, achari, ukwaju, vitunguu, nyanya, ndimu, viazi: vyote nje. Mayai yanavumilia siku moja nje bila shida. Siagi na jibini ngumu hulainika tu. Wali uliopikwa sibebi kamwe, kwa sababu wali uliopoa polepole unaweza kuwa na sumu ambayo hata ukiupasha tena haitoki. Nyama ya kusaga mbichi nayo naiacha; Patras wanauza.

Vinavyobaki navipika na kuvigandisha. Maharage ya nazi, mchuzi wa kuku, nyama iliyochemshwa na tangawizi. Navitia kwenye mifuko ya friza yenye zipu, natoa hewa, navilaza juu ya sinia vigande bapa kama vitabu. Hii ina faida mbili. Vikisimama wima havina mapengo katikati, na kila mfuko ni bonge la barafu unaloweza kulila baadaye. Anza siku tatu kabla ya safari, kwa sababu friza ya nyumbani inachukua muda kuvifikisha nyuzi 18 chini ya sifuri.

Hatua ya 4: Gandisha chupa

Vile vibonge vya buluu vya kupozea vya dukani ni vizuri, lakini ni vidogo. Mimi natumia chupa za maji za plastiki za lita moja na nusu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto sawa na lile la kuitoa lita moja ya maji kwenye nyuzi 20 hadi ianze kuchemka. Ndiyo maana barafu inadumu, na ndiyo maana chupa za maji baridi tu hazisaidii sana.

Kwa friji yangu ya lita mia na kidogo, chupa nne zinatosha saa 26 za kiangazi. Jaza hadi mabegani tu, kwa maana maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi na chupa iliyojaa hadi mdomoni hupasuka. Mbili kati ya hizo hukaa juu na mbili chini. Barafu ya maji matupu inashikilia nyuzi sifuri, na hiyo ndiyo baridi unayotaka kwenye friji.

Kile kichumba cha friza kinataka baridi kali zaidi. Humo naweka chupa mbili ndogo za maji ya chumvi: vijiko vikubwa vitano au sita vya chumvi kwa lita moja ya maji, koroga hadi iyeyuke yote. Maji hayo huanza kuyeyuka yakiwa bado nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kwa hiyo mifuko ya mchuzi inabaki migumu muda mrefu zaidi. Ziandike kwa kalamu nene CHUMVI. Mume wangu aliwahi kunywa.

Hatua ya 5: Ipoze friji yenyewe

Friji ya njia tatu ni nzito kuanza. Ukiiwasha asubuhi ya safari, jioni bado kuta zake ni vuguvugu, na barafu yako yote itaishia kupoza plastiki. Mimi naliegesha gari mahali tambarare, kwa sababu likiinama sana amonia haizunguki vizuri, kisha nachomeka umeme wa nyumba saa 24 kamili kabla ya kuondoka. Siku ya kwanza naiweka kwenye kiwango cha juu kabisa ikiwa na chupa za maji ndani. Chakula kinaingia mwisho, kikitoka moja kwa moja kwenye friza ya nyumbani. Usiingize kitu chenye uvuguvugu hata kimoja, hata soda.

Njiani, kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani, hadi Ancona kupitia njia ya milimani ya Brenner, umeme wa volti 12 unaishikilia baridi iliyopo. Hauiongezi. Ukilala njiani, iwashe kwa gesi au ichomeke kambini.

Hatua ya 6: Panga kama muuza samaki

Mama alikuwa akisema barafu chini, samaki, barafu juu, halafu mkono wako utoke humo. Nafanya hivi kwenye maegesho ya mwisho kabla ya bandari.

Natoa kila kitu haraka. Chupa mbili zinalala chini kabisa, juu yake naweka nyama na kuku katika bakuli lenye kifuniko, ili kikivuja kitu kisifike kwenye mboga. Katikati maziwa yaliyofunguliwa, mtindi, mabaki. Juu kabisa chupa mbili nyingine zimelazwa kwenye rafu, kwa sababu hewa baridi hushuka. Majani ya mboga yakae mbali na chupa, la sivyo yanaungua kwa baridi. Kisha nafasi zote tupu naziziba kwa taulo na magazeti yaliyokunjwa. Hewa tupu ndiyo inayotoka yote mlango ukifunguliwa, taulo haitoki.

Halafu kikombe changu cha ushahidi. Ni kikombe kidogo cha plastiki chenye maji yaliyoganda, na juu ya barafu senti 10 ya euro. Kinakaa kwenye friza, kimefunikwa. Ukifika na sarafu iko juu, friza haikuyeyuka. Sarafu ikiwa imezama chini, iliyeyuka, hata kama imeganda tena. Kwenye friji naacha kipimajoto cha kawaida kinachohifadhi kiwango cha juu kilichofikiwa.

Funga mlango, hakikisha kitasa kimeingia, bandika utepe wa karatasi. Utepe hauzuii baridi. Unamzuia mtoto anayetafuta juisi.

Hatua ya 7: Gesi, kabla ya kuingia kwenye foleni

Funga valvu ya mtungi wenyewe, kwa mkono, kwenye kabati la gesi. Kufunga kitufe cha jiko hakutoshi. Na kama friji yako inajichagulia yenyewe njia ya nguvu, itoe kwenye hali hiyo na uizime. Friji hizi husubiri kama robo saa baada ya injini kuzimwa, zikiona hakuna umeme huanza kuwasha mwali zenyewe. Fikiria jambo hilo likitokea kwenye sitaha iliyofungwa, magari yamebanana kioo kwa kioo. Kwa hili sina mzaha hata kidogo.

Wenye friji ya kompresa, ile yenye mota, wana nafuu. Inakula umeme kidogo, ampea-saa 25 hadi 45 hivi kwa siku nzima, na betri nzuri inaweza kuibeba. Lakini kule chini hakuna jua la kulisha sola, na mabaharia wanaweza kukuambia uzime kila kitu. Wakisema zima, zima, na barafu yako itakuwa inakusubiri.

Hatua ya 8: Panda juu na kapu lako

Chakula cha jioni na kifungua kinywa vinakuja na sisi kwenye mfuko: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi. Hakuna kurudi garini, labda uwe umepata Camping on Board. Mume wangu anatumia insulini, na hiyo haiachwi garini hata siku moja. Inakaa kwenye kipochi kidogo chenye kibonge cha baridi kilichofungwa kitambaa, isigusane nacho, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika. Tunaibeba mkononi.

Hatua ya 9: Kufungua upande wa pili

Washa injini, shuka, toka kabisa bandarini, egesha. Hapo ndipo unafungua mtungi wa gesi na friji. Angalia kipimajoto kabla ya kugusa kitu. Kama kiwango cha juu hakikuvuka nyuzi 5, kila kitu ni salama. Kama kimevuka na hujui kwa muda gani, au unajua ni zaidi ya saa mbili, nyama, kuku, maziwa na vilivyopikwa vinatupwa. Usiamini pua. Vijidudu vingi vinavyoumiza tumbo havina harufu.

Kwenye friza, mfuko ambao bado una chembe za barafu ndani unaweza kurudishwa kuganda, ila mimi napika huo kwanza jioni ileile. Uliolegea kabisa lakini bado baridi kama friji unapikwa siku hiyo, haugandishwi tena.

Chupa zilizoyeyuka usizimwage. Za maji matupu ni maji ya kuoshea vyombo jioni ya kwanza. Zile za CHUMVI zirudishe kwenye kabati zikiwa zimejaa: kambi nyingi za Ugiriki zina friza ya wageni mapokezini, na siku mbili kabla ya kurudi Patras utaziombea nafasi humo.