Jinsi ya Kuandaa Onyesho la Pank la Kuchangia Jamii Bila Bosi Wala Mfadhili

Kundi la pank (muziki wa roki wa kasi na makelele) la kianarkisti, yaani linalokataa mabwana, halina mwenyekiti wala mfadhili. Lina daftari, kisanduku cha hela, sufuria mbili kubwa na funguo za ukumbi wa kuazima. Mwongozo huu unafuata kazi inavyofanyika Washington, mji mkuu wa Marekani. Huko kundi la Positive Force lilianza mwaka 1985 na likajulikana kwa maonyesho ya kuchangia zahanati za bure na makazi ya wasio na nyumba. Kiangazi cha mwaka huohuo vijana wa pank wa jiji hilo walisimama nje ya ubalozi wa Afrika Kusini wakipiga ngoma, ndoo na chochote kinacholia, kupinga utawala wa makaburu.

Kanuni ni moja: anayefanya kazi ndiye anayeiamulia, na hakuna kazi inayomganda mtu mmoja daima.

Kikao cha kwanza, wiki nane kabla

Watu sita wanatosha kuanza. Wakipungua hapo, mtu mmoja atabeba kazi tatu na kuchoka njiani. Chagueni mwongoza kikao, mwandishi na mtazama saa, na wote watatu wabadilike kila mnapokutana. Uamuzi ni wa mwafaka, haupigiwi kura. Mtu anatoa pendekezo kwa sentensi moja; yanafuata maswali ya kuelewa tu, kisha hoja, kisha marekebisho. Ndipo mwongoza kikao anauliza: nani ana wasiwasi, nani anajiweka kando, nani anazuia? Anayejiweka kando hakubaliani, lakini hawakwamishi wenzake. Anayezuia anadai kwamba pendekezo linavunja msingi wa kundi, na lazima autaje msingi wenyewe. Kuzuia kwa sababu rangi ya bango haikupendezi ni kudeka.

Vikao hivi huvunjwa na neno "tutafanya". Kila kazi iandikwe daftarini na jina la mtu na tarehe: ukumbi, bendi, sauti na umeme, mlango na hela, matangazo, chakula, utulivu, usafi. Tazameni pia kazi zinamwangukia nani. Upishi na ufagio vikiishia kwa wanawake kila mara, kundi limeshapata mabwana bila kuwachagua. Vivyo hivyo mwenye gari, mwenye funguo na mwenye nywila: hao ndio mabosi wa kimyakimya. Nywila zijulikane na watu watatu, funguo zihame kila baada ya onyesho, na anayejua mitambo amfundishe mwenzake papo hapo akiwa anaifunga.

Msiondoke kabla ya kuamua nani anachangiwa. Shirika moja, lenye jina, ambalo mmeshazungumza nalo. Andikeni pia kama linapata mapato yote ya mlangoni au kinachobaki baada ya gharama. Jambo hili likiachwa juujuu, ugomvi utakuja saa nne usiku mbele ya kisanduku.

Ukumbi na umeme

Kumbi za makanisa ndizo zilizobeba pank ya Washington kwa miaka mingi: ni pana, bei yake inabebeka na hazina baa, kwa hiyo hata mtoto wa miaka kumi na tatu anaingia. Muulize mwenye ukumbi mambo manne: unaruhusiwa watu wangapi, milango ya dharura iko wapi, kelele zikome saa ngapi, na swichi za umeme ziko wapi. La mwisho ndilo watu hulisahau.

Nenda siku moja kabla na taa ya mezani. Ichomeke kwenye kila soketi, zima breka moja baada ya nyingine, na uandike kwenye utepe wa karatasi wenye gundi soketi ipi iko kwenye sakiti ipi. Marekani sakiti ya kawaida ni volti 120 na ampea 15, yaani wati 1,800, na kwa matumizi ya saa nyingi usipite asilimia 80, yaani wati 1,440. Amplifaya za magitaa, besi, spika mbili na mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) vinaweza kuenea humo. Birika la umeme la kahawa peke yake linakula wati 1,500. Likiwashwa kwenye sakiti ya jukwaa, breka inaruka katikati ya wimbo, na mpishi hajui kabisa kwamba ni yeye. Jukwaa na mikisa vikae sakiti moja, jiko sakiti nyingine. Kwenye nchi za volti 230 kuna nafasi zaidi, kwa kuwa soketi ya ampea 13 hutoa takriban wati 3,000, lakini zoezi la taa ni lilelile.

Waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote, la sivyo unapata joto hadi plastiki iyeyuke. Na amplifaya ikinguruma, kuna mtu atashauri kukata pini ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Msimruhusu. Mpiga gitaa anashika nyuzi mkononi na mdomo wake unagusa maikrofoni; ethi ikikosekana, umeme unapita kwake. Weka multimita kwenye volti za AC, gusa nyuzi za gitaa kwa ncha moja na wavu wa maikrofoni kwa nyingine. Inatakiwa ionyeshe karibu na sifuri. Ikionyesha volti kadhaa, hakuna kuimba hadi chanzo kipatikane.

Sauti

Kwa watu 100 hadi 150 hamhitaji mitambo ya tamasha. Spika mbili za inchi 12 au 15 zenye amplifaya ndani, juu ya stendi, zikivuka vichwa vya watu. Mikisa ya chaneli nane. Maikrofoni tatu au nne. Spika moja au mbili za sakafuni ili waimbaji wajisikie. Na kebo mbili za akiba, maana kebo hufa bila kuaga. Dramu haziongezewi sauti. Gitaa ndilo linalojipima na dramu, na kwenye spika inapita sauti ya mwimbaji tu. Bendi changa hufanya kinyume: kila mtu anapandisha amplifaya yake, kisha wanamlalamikia fundi kwamba maneno hayasikiki.

Mluzi unatokea maikrofoni inaposikia spika yake yenyewe. Spika kubwa zisimame mbele ya mstari wa maikrofoni, na ya sakafuni itazame mgongo wa maikrofoni, upande ambao haisikii vizuri. Mwimbaji anayefumbata kichwa cha maikrofoni kwa kiganja anaharibu mpango huo wote. Mwonye wakati wa majaribio. Mluzi mkali ukiendelea, punguza kidogo kwenye mikisa masafa ya kati ya kilohezi 2 na 4. Ukiwa mzito kama nyuki ndani ya pipa, tafuta kwenye hezi 200 hadi 400.

Wekeni bakuli la vizibo vya masikio vya sponji mlangoni, bure. Kwenye desibeli 100, muda unaopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni dakika 15 tu.

Ratiba

Bendi tatu. Ya nne huombwa kila mara, na kila mara ndiyo inayowaponza mbele ya mwenye ukumbi. Mitambo iingie saa tisa alasiri, majaribio saa kumi, milango saa kumi na mbili. Bendi ya kwanza saa 1:00 hadi 1:30, ya pili 1:50 hadi 2:20, ya tatu 2:40 hadi 3:20. Saa nne ukumbi uwe umefagiwa. Dakika 20 za kubadilishana zinatosha ikiwa bendi zote zinatumia dramu zilezile na kabati moja la spika za besi. Kila mpiga dramu aje na sneya yake (ngoma ndogo yenye mlio mkali), matasa yake na pedali.

Mwakilishi wa shirika linalochangiwa apewe dakika tano, kabla tu ya bendi ya mwisho. Akiwekwa mwishoni, ataongea na viti.

Mlango na hela

Fugazi, bendi ya Washington, walishikilia kiingilio cha dola 5 kwa miaka mingi, na hilo liliwezekana kwa kubana gharama. Piga hesabu kabla ya kutaja bei. Tuseme ukumbi ni dola 120, kukodi spika 60, fotokopi 20, mafuta ya bendi inayotoka mbali 60. Jumla 260. Kwa kiingilio cha wastani wa dola 8 kwa mtu mnahitaji watu 33 kurudisha gharama. Wakija 90 mnapata 720, na shirika linabaki na 460. Kama hamna hakika ya kupata watu 33, tafuteni ukumbi wa bei ndogo zaidi. Bendi za mjini hupiga bure kwa onyesho la mchango, ila iliyosafiri hailipi mafuta kutoka mfukoni mwake. Waambieni hivyo kwa maandishi tangu siku ya kwanza.

Mezani wakae wawili, wabadilishwe kila saa, wakiwa na dola 60 za chenji katika noti za 1 na 5. Andikeni "dola 5 hadi 10, hakuna anayerudishwa kwa kukosa hela", na asiye nazo asiulizwe sababu. Kila saa watu wawili wapeleke noti mahali pa faragha, wahesabu, waandike, watie sahihi. Kama ukumbi unauza pombe, wadogo wachorwe X kubwa kwenye migongo ya mikono yote miwili kwa kalamu isiyofutika, desturi ambayo vijana wa pank wa Washington walikuwa nayo tangu 1980. X ya mkono mmoja huwekwa mfukoni ikasahauliwa.

Tangazo na zini

Tangazo la fotokopi nyeusi na nyeupe linatosha likiwa na siku, tarehe, saa, anwani kamili, bei, "rika zote" na jina la anayechangiwa. Acha ukingo wa sentimita moja, kwa sababu mashine hukata pembeni. Vipande vilivyobandikwa huacha kivuli; kifute kwa wino mweupe kabla ya kutoa nakala.

Kijitabu cha kurasa nane, zini, kinatoka kwenye karatasi moja iliyochapwa upande mmoja. Ilaze kwa mapana, ikunje mara mbili kwa upana na mara moja kwa urefu upate vyumba vinane. Safu ya chini, kutoka kushoto: ukurasa wa 8, 1, 2, 3. Safu ya juu, yote ikiwa kichwa chini: 7, 6, 5, 4. Kata mkunjo wa katikati kwenye vyumba viwili vya ndani tu, kati ya 1 na 6 na kati ya 2 na 5. Kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane hadi ifunguke kama msalaba, kisha izungushe. Ukikata hadi ukingoni, umebaki na vipande viwili na huna kijitabu. Ndani weka namba za msaada wa wapangaji, ratiba ya chakula cha bure na mahali pa zahanati. Mashairi yatangoja toleo lijalo.

Sufuria

Chakula ni cha mboga na nafaka, kwa desturi ya Food Not Bombs, harakati ya kugawa chakula cha bure iliyoanza Cambridge, Massachusetts, mwaka 1980. Mbali na msimamo wao, kuna faida ya jikoni: hakuna nyama ya kuharibika, na hakuna wa kuuliza kama ni halali. Kwa watu 60: mchele kilo 4.5, maharage makavu kilo 3.6, vitunguu kilo 2, nyanya kilo 3, karoti kilo 2, mafuta nusu lita. Mchele ugawe sufuria mbili. Wote kwenye moja, wa chini unakuwa ukoko huku wa juu ukiwa mbichi. Maharage yalowe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua kumi kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yaliyopashwa polepole bila kutokota huumiza tumbo vibaya. Chakula kikae juu ya nyuzijoto 60 hadi kigawiwe. Wali uliokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili umwagwe, hata kama roho inauma.

Utulivu

Watu wanne wenye kitambaa mkononi, wawili karibu na jukwaa, mmoja mlangoni, mmoja nje. Anayeanguka kwenye msukumano wa wanaocheza mbele ya jukwaa anainuliwa mara moja. Mtu akianza kupiga wenzake kwa makusudi, bendi iache kupiga na taa ziwashwe. Giza na makelele ndivyo vinavyompa nguvu. Fugazi walikuwa wakisimamisha wimbo kwa ajili hiyo, na mkaidi alirudishiwa dola zake 5 ndani ya bahasha akatolewa nje. Wekeni bahasha chache tayari. Zungumzeni naye nje, mmoja akiongea, mwingine akisimama kando, bila kumshika. Ubaguzi na kuwashika wanawake haviachwi hadi kikao kijacho. Mtu akizimia, pigeni simu ya ambulansi bila kujadiliana.

Baada ya onyesho

Mapato na matumizi yabandikwe ndani ya siku tatu, pamoja na risiti, hata kama mlipata hasara. Hela zipelekwe na watu wawili na shirika litie sahihi.

Positive Force pia wamekuwa wakipeleka vyakula kwa wazee wa mjini, na kazi hiyo ina taratibu zake. Wawili wawili, siku ileile ya kila mwezi, mfuko usizidi kilo 7 kwa kuwa mzee ataunyanyua mwenyewe baadaye. Ukibisha hodi, subiri dakika mbili nzima. Mwenye gongo hafiki mlangoni upesi, na wanaojitolea kwa mara ya kwanza huondoka wakidhani hayupo. Uliza kuhusu dawa, chumvi na sukari kabla ya kujaza mfuko unaofuata. Msipige picha. Majina na namba za nyumba zikae kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo irudishwe kwa mtunza orodha jioni hiyohiyo.